Maswali yanayochoma kwenye ankete ya nyumba kwa nyumba Bukavu: dadu, vizibo, orodha au tableti?

Dodoso_Kadutu

Wandugu, hamjambo. Tunatayarisha ankete (utafiti wa kuhoji watu) ya nyumba kwa nyumba hapa Bukavu, Kivu, Kongo, katika komini za Ibanda, Kadutu na Bagira. Watu wazima 600, mtu mmoja kwa kila nyumba. Hojaji ina maswali kama 40 na mengi hayana shida: maji, makala (mkaa), pesa za shule. Matatu ndiyo yanachoma:

1. Kama mtu ametoa madesu (rushwa) ili apate karatasi ya serikali katika miezi 12 iliyopita.
2. Kama amepigwa na mwenzi wake wa nyumbani katika miezi hiyohiyo.
3. Kama amewahi kuwapa watu wenye silaha chakula, pesa au mahali pa kulala.

Wakubwa wa mradi wanataka dadu kwa yote matatu. Anketeri (wahoji) ni 14, wanawake 8, na kila mmoja ana tableti. Naomba msaada kwa wanaojua: dadu inafanyaje kazi hasa, inagharimu nini kwenye hesabu, na inaharibikia wapi?

Mwalimu_Kizibo

Kabla ya dadu, jiulize mhojiwa wako anamwogopa nani. Kuna aibu na kuna hatari, na dawa zake ni mbalimbali.

Aibu iko pale pale kibarazani. Mama hataki kumwambia msichana wa miaka 24 jambo la chumbani, au papa mzima hataki kukiri kwamba alitoa pesa. Ukimwondoa mtu anayesikiliza, aibu inapungua. Hatari inakuja baadaye: tableti inashikwa barabarani, faili inafunguliwa na mtu asiyehusika, jirani anasimulia. Hapo hata anketeri mwenye moyo mzuri hamlindi mtu, kwa sababu jibu la kweli limeshaandikwa mahali.

Dadu inafaa kwenye hatari kwa sababu jibu la kweli haliandikwi popote. Anketeri halijui, tableti haina, wewe mwenye data huna. Unachopata ni kadirio la kundi zima tu. Wazo ni la Stanley Warner, 1965. Hesabu yake bado inafanya kazi, ila umbo lake la kwanza halikai vizuri katika Kiswahili, nitalieleza chini.

Umbo ninalopendekeza kwanza ni la jibu la kulazimishwa. Mhojiwa anarusha dadu, anaiona peke yake:

– Ikitoka 1, anajibu "hapana" hata kama ukweli wake ni ndiyo.
– Ikitoka 6, anajibu "ndiyo" hata kama hajawahi.
– Ikitoka 2, 3, 4 au 5, anajibu ukweli.

Anketeri akisikia "ndiyo" hajui kama ni ukweli au ni 6. Wewe unajua kwamba katika watu 600, karibu 100 walisema "ndiyo" kwa sababu ya dadu. Hesabu: chukua sehemu ya waliosema ndiyo, toa 1/6, zidisha kwa 1.5. Mfano, 214 kati ya 600 wamesema ndiyo: 0.3567 kutoa 0.1667 ni 0.19, mara 1.5 ni 0.285. Kadirio lako ni asilimia 28.5.

Sasa Warner mwenyewe. Kwake, dadu inachagua mojawapo ya sentensi mbili: "Nimewahi kufanya" au "Sijawahi kufanya", na mtu anajibu ndiyo au hapana. Kiswahili chetu kinagoma hapo. Mwambie mtu "Hujawahi kutoa madesu", atajibu "Ndiyo, sijawahi" au "Hapana, sijawahi", na majibu yote mawili yana maana moja kwake. Kwenye hesabu yako yana maana kinyume. Swali lenye kikanushi lisiingie kabisa kwenye njia hizi.

Hesabu_Goma

Naongeza bei yake, maana hapa ndipo miradi inaumia. Tuseme ukweli ni asilimia 30 na una watu 600, sampuli ya bahati nasibu tupu. Upana wa kosa kwa uhakika wa asilimia 95:

Swali la wazi: pointi 3.7 juu au chini.
Dadu ya jibu la kulazimishwa: 5.8.
Warner yenye uwezekano wa 0.7 wa kuangukia sentensi ya "Nimewahi": 9.9.
Orodha ya kawaida (mtu anasema idadi ya mambo aliyofanya, si yapi), nusu kwa nusu, kama idadi zinatawanyika kwa 0.9 hivi: karibu 15.

Kwa maneno mengine, kwa usahihi, watu 600 wa dadu ya jibu la kulazimishwa wana uzito wa watu 241 walioulizwa wazi. Kwa Warner ya 0.7 ni 83. Mwenye bajeti ya 600 asitarajie kulinganisha Kadutu na Bagira kwa swali la dadu. Kila komini itabaki na watu 200, na tofauti ya pointi 10 itazama ndani ya kosa. Na nyumba zako zitachaguliwa kwa makundi, avenyu kwa avenyu, kwa hiyo namba zote hizo zitapanuka tena.

Lakini usahihi huo unamaanisha tu kwamba namba haitikisiki. Swali la wazi likikupa asilimia 6 bila kutikisika wakati ukweli ni 30, umepima uongo kwa usahihi mkubwa. Ndiyo maana watu wanakubali kulipa bei.

Ushahidi wa wazi kabisa ninaoujua ni wa jimbo la Mississippi, Marekani. Mwaka 2011 walipiga kura ya maoni kuhusu pendekezo la kuzuia utoaji mimba. Watafiti Rosenfeld, Imai na Shapiro waliwauliza wapiga kura kwa njia tofauti, kisha wakalinganisha na matokeo halisi. Swali la wazi lilipunguza sana kura za hapana, njia za kuzunguka zilikaribia zaidi, na jibu la kulazimishwa ndilo lililofika karibu kuliko yote. Dadu ya namna hiyo ilitumika pia kusini mwa Nigeria, kuuliza raia kuhusu uhusiano wao na makundi yenye silaha, jambo linalofanana na swali lako la 3.

Nyalukemba

Hesabu nzuri, lakini mniruhusu nishuke chini mpaka kwenye kigoda. Dadu inaharibika mikononi mwa watu, na inaharibika kwa njia zinazojulikana.

Ya kwanza, kanisa. Katika kartie (mitaa) nyingi za hapa dadu ni mchezo wa pesa. Mama wa maombi akiiona mezani, mazungumzo yamekwisha. Tumia mfuko wa kitambaa kizito na vizibo 12 vya chupa za aina moja: 8 bila rangi, 2 vya kijani, 2 vyekundu. Uwiano ni uleule wa dadu, 4/6, 1/6, 1/6. Rangi ibandikwe ndani ya kizibo, karatasi ya unene mmoja kwa vyote, hata vile visivyo na rangi vibandikwe nyeupe. Ukipaka rangi ya kucha vizibo vinne tu, vidole vinatambua ukwaruzo na mtu anachagua. Maharagi pia hapana; maharagi mekundu na meupe hayalingani ukubwa.

Ya pili, wasioweza kukumbuka namba tatu na amri tatu. Vizibo vinasaidia hapo pia: kijani sema ndiyo, chekundu sema hapana, cheupe sema ukweli. Anketeri anaeleza, kisha mhojiwa anafanya mazoezi mara tatu kwa swali lisilo na uzito, mfano "Je, jana ulikula bugali?", huku vizibo vikionekana kwa wote wawili. Akikosea mara mbili katika tatu, endeleeni na mazoezi. Akiendelea kukosea, liacheni swali na mwandike kwamba hakuelewa. Msilazimishe jibu.

Ya tatu ndiyo kubwa: watu hawapendi kusema "ndiyo" kwa kitu ambacho hawajafanya. Wanaona ni kusema uongo, au wanaogopa ile "ndiyo" itawashika. Kwa hiyo kizibo cha kijani kinatoka na mdomo unasema "hapana".

Mwalimu_Kizibo

Nyalukemba amegusa penyewe, na kosa hilo lina alama yake kwenye data. Katika watu 600 unategemea "ndiyo" 100 za kulazimishwa peke yake. Ukipata "ndiyo" 80, hesabu inakupa asilimia 5 chini ya sifuri. Hakuna asilimia hasi duniani. Maana yake watu walikataa amri ya kijani. Usiifute namba hiyo na kuandika sifuri. Iandike kwenye ripoti kama ilivyo, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Na ujue kwamba kosa hilohilo likitokea kwa kiasi kidogo halionekani: unapata asilimia 12 nzuri, kumbe ni 22 iliyoliwa.

Dawa yake ipo, na kwa mazingira yetu naiona bora kuliko dadu: mifuko miwili, njia ya Kuk ya 1990. Hakuna anayesema ndiyo wala hapana.

Mfuko wa kulia una vizibo 10: vyekundu 8, vyeupe 2. Mfuko wa kushoto una vizibo 10: vyekundu 2, vyeupe 8. Mhojiwa anachota kimoja kulia na kimoja kushoto, anaviangalia peke yake. Kama jibu lake la kweli ni ndiyo, anataja rangi ya kizibo cha kulia. Kama ni hapana, anataja rangi ya kizibo cha kushoto. Anketeri anaandika neno moja tu: chekundu au cheupe.

Hesabu: sehemu ya waliosema "chekundu", toa 0.2, gawa kwa 0.6. Kama 228 kati ya 600 wametaja chekundu, ni 0.38, kutoa 0.2 inabaki 0.18, gawa kwa 0.6 unapata 0.30. Kosa lake ni pointi 6.5 badala ya 5.8 za dadu. Unalipa kidogo zaidi, lakini mtu hatamki uongo wala hakiri kitu. Anataja rangi aliyoiona kweli.

Lazima achote mifuko yote miwili. Akichota mmoja tu, mkono wake umeshajibu.

Kwa_Katuba

Salamu kutoka Lubumbashi. Huku kwetu maswali ya machimbo yako hivyohivyo: nani ameuza madini nje ya mlango, nani amempa mlinzi pesa. Nitetee orodha kidogo, maana mmeihukumu kwa upana wa kosa tu.

Orodha haina mfuko, haina dadu, na inaeleweka kwa dakika moja. Nusu ya watu wanasomewa mambo manne, nusu nyingine mambo manne hayohayo pamoja na la tano linalochoma. Kila mtu anasema idadi tu, si yapi. Tofauti ya wastani wa makundi mawili ndiyo kadirio lako. Kundi la kwanza wastani 1.9, la pili 2.2, basi ni asilimia 30.

Kazi yote iko kwenye kuchagua yale manne. Kwa swali la madesu Bukavu ningeweka, katika miezi 12 iliyopita: umenunua unite (salio) za simu, umepanda boti kwenda Goma, umelima shamba lako mwenyewe, umepanda ndege. La kwanza karibu kila mtu amelifanya, la mwisho ni wachache, na yale mawili ya katikati yanavutana: mkulima wa pembezoni si lazima awe msafiri wa boti. Ukiweka mambo manne ambayo kila mtu amefanya, mwenye kusema "tano" amejitoa hadharani. Ukiweka manne ambayo hakuna aliyefanya, mwenye kusema "moja" naye amejitoa. Fanya majaribio kwa watu 30 hivi kwanza. Kama wengi wanasema nne au sifuri, vunja orodha uandike upya.

Na watu wetu wanahesabu kwa sauti: "Ya kwanza ndiyo, ya pili apana…" Siri imekwisha. Mpe vijiwe vitano mkononi, akisikia jambo alilofanya ahamishe kijiwe kimoja mfukoni, mwishoni aseme mfuko una vijiwe vingapi.

Kuhusu upana wa kosa, tumia orodha mbili. Kundi la kwanza linapata jambo linalochoma ndani ya orodha A, kundi la pili ndani ya orodha B, na kila kundi ni kipimo cha mwenzake. Kila mtu amesikia swali zito mara moja tu, na kosa linashuka kutoka karibu 15 mpaka karibu 11.

Hesabu_Goma

Kaka wa Katuba, pointi 11 bado ni nyingi kwa watu 600. Kama ukweli ni asilimia 15, utaandika "kati ya 4 na 26". Nani atafanya kazi na hiyo? Orodha ni ya watu 2000 kwenda juu.

Nitaje na njia ya maswali mawili kwa pamoja, kwa sababu mtu ataileta. Ni ya Yu, Tian na Tang, 2008. Mhojiwa anapewa maswali mawili: lile zito, na jingine kama "Je, mama yako alizaliwa kati ya Januari na Machi?" Anajibu "sawa" kama majibu yake yote mawili yanafanana, au "tofauti" kama hayafanani. Hakuna kifaa, na hakuna jibu linaloonekana safi kuliko lingine.

Kwa Kivu ninaikataa, kwa sababu mbili. Tarehe za kuzaliwa: watu wazima wengi hawajui mwezi aliozaliwa mama yao, na kwenye karatasi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari. Ule uwezekano wa robo unaoutegemea haupo. Wengine watasema tumia namba ya mwisho ya simu. Hapana kabisa: anketeri anaweza kuwa na namba hiyo mkononi, kwa hiyo pazia limeshafunguka.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi. Mtu asiyeelewa anajibu ovyo, na kwenye njia hii jibu la ovyo linavuta kadirio kuelekea asilimia 50. Ukweli ukiwa asilimia 4 na mtu mmoja katika watano akajibu ovyo, utapata 13.2. Utadhani umefichua siri, kumbe umepima kuchanganyikiwa. Höglinger na Diekmann walionyesha tatizo hili mwaka 2017 kwa kuuliza mambo ambayo karibu hakuna mtu anayo, na bado njia ikaleta asilimia.

Funzo hilo lihamie kwenye mifuko pia, Mwalimu. Na penyewe ovyo inavuta kuelekea 50.

Mwalimu_Kizibo

Ni kweli kabisa, nilipaswa kuandika. Kwa hiyo ongeza swali la kipimo: jambo ambalo jibu lake unalijua na ni karibu sifuri, lakini si kichekesho. Mfano: "Je, umewahi kuishi Australia?" Liulize kwa mifuko hiyohiyo. Kadirio likitoka 2 au likitoka hasi 3, ni bahati ya vizibo. Likitoka 15, watu hawakuelewa, na swali la 3 lisitangazwe kabla ya kusahihisha.

Biki_na_Tableti

Mimi nashughulika na faili. Mmeficha jibu vizuri mdomoni, sasa tuangalie linavyovuja kwenye tableti.

Fomu nyingi za ODK na Kobo (programu za kukusanya majibu kwa tableti) zinawekwa GPS ya nyumba kwa mazoea tu. Mnaihitaji ya nini? Kama ni kumkagua anketeri, chukueni nukta ya avenyu mwanzoni mwa siku, si ya mlango. Saa ya kuanza na kumaliza nayo inasema mengi: mtu aliyemwona anketeri akiingia kwa jirani saa 4:10 anaweza kutafuta mstari wa saa 4:10. Ikae kwenye faili ya usimamizi, si kwenye faili ya uchambuzi.

Zimeni kurekodi sauti ya chinichini. Mwenye sauti amejulikana, hata kama alitaja rangi tu. Na kama anafikiri kwa sauti, rekodi imeshika kila kitu.

Washeni usimbaji wa fomu, yaani kuifunga data isisomeke bila ufunguo. Unatengeneza jozi ya funguo mbili, ule wa wazi unaingia ndani ya fomu, ule wa siri unabaki kwenye kompyuta moja ya ofisi na nakala yake mahali pengine salama. Anketeri akifunga fomu kama imekamilika, hata yeye hawezi kuifungua tena. Mapungufu yake mawili: kosa la kuandika halirekebishiki baada ya kufunga, kwa hiyo masharti ya fomu yajaribiwe sana kabla. Na ukipoteza ufunguo wa siri, data yote imekwenda, hakuna wa kukusaidia. Rasimu ambazo hazijafungwa hazijasimbwa, kwa hiyo anketeri asibebe rasimu njiani kurudi.

Ridhaa: msichukue sahihi ya mhojiwa. Karatasi yenye jina na sahihi mara nyingi ndiyo kitu pekee kinachomuunganisha mtu na ankete. Anketeri asome maelezo, mtu akubali kwa mdomo, anketeri ndiye atie sahihi kwamba amesoma.

Namba ya simu ya kuhakiki iandikwe kwenye fomu ya pekee yenye msimbo wa bahati nasibu, na ifutwe uhakiki ukiisha.

Hesabu_Goma

Hapo kwenye uhakiki kuna shimo ambalo watu hawalioni. Msimamizi anarudi kwa asilimia 10 ya nyumba na kuuliza upya. Kwa swali la vizibo asirudie kamwe.

Sababu ni hii. Kwenye dadu ya jibu la kulazimishwa, mwenye jambo anasema "ndiyo" kwa 5/6, asiye nalo kwa 1/6, yaani 5 kwa 1. Kama nilidhani kabla kwamba uwezekano wako ni asilimia 30, nikisikia "ndiyo" moja unapanda mpaka 68. Bado unaweza kukana. Nikikuuliza mara ya pili kwa kurusha upya na ukasema "ndiyo" tena, uwiano ni 25 kwa 1 na uwezekano umefika zaidi ya 91. Ulinzi umekwisha kwa wema wa msimamizi. Uwiano wa mifuko ya 8 na 2 ni 4 kwa 1, ukirudiwa ni 16.

Hali hiyohiyo kama una maswali matano yanayofanana, yote kwa vizibo, kwa mtu mmoja. Mtu anayejibu "ndiyo" tano amejulikana. Chagua moja. Mawili yakiwa lazima, yasiwe ya jambo moja.

Nyalukemba

Sasa swali la 2, la kupigwa. Dodoso, hapa sikubaliani na wakubwa wako. Usitumie dadu wala vizibo.

Kwanza, mama aliyepigwa mara nyingi anatafuta mlango wa kusema. Ukimpa kizibo umemwambia kwamba hutaki kujua. Pili, ankete ya ukatili inadai uwe na mahali pa kumwelekeza, na kwa kizibo hujui nani wa kuelekezwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo yake ya ukatili wa nyumbani mwaka 2001, na ya ukatili wa kingono wakati wa vita na dharura mwaka 2007. Ukiisoma utaona kwamba uzito wote umewekwa kwenye usalama wa mwanamke, kabla ya namba.

Inavyofanyika: mwanamke mmoja tu kwa kila nyumba, ili wengine wasijue aliulizwa nini. Wanaume wa avenyu hiyohiyo wasiulizwe swali hilo. Ankete itambulishwe kwa sefu (mkuu) wa avenyu na kwa familia kama ankete ya maisha na afya ya nyumbani. Mhojiwa mwenyewe ndiye anaelezwa kwa ukamilifu, mkiwa wawili, kabla ya sehemu hiyo, na anaulizwa tena kama anakubali. Anketeri mwanamke, anayeongea lugha yake, Kiswahili au Mashi, lakini asiwe mwenyeji wa kartie hiyo. Ndugu wa avenyu hafai hata kama ni hodari.

Faragha Kadutu ni kazi ngumu, nyumba zimebanana kilimani na ukuta ni mbao. Tafuteni nafasi wazi ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii: nyuma ya nyumba, kando ya bustani. Chumba kilichofungwa kinaleta maswali. Kila anketeri awe na maswali ya kubadilishia, kumi hivi ya bei ya maji na makala, na mume akitokea anahamia huko bila kubadilisha sauti. Mtoto anayejua kuongea naye ni msikilizaji. Faragha isipopatikana, sehemu hiyo inarukwa na inaandikwa imerukwa.

Karatasi ya mahali pa msaada apewe kila mhojiwa, awe amesema au hajasema, ndogo ya kufichika, na ichanganywe na namba za kituo cha afya na za maji. Karatasi yenye neno "ukatili" juu ikikutwa ndani ya pochi inaweza kuleta kipigo kingine.

Biki_na_Tableti

Naunga mkono, na hapo ndipo vipokea sauti vinafaa. Mhojiwa anavaa, swali linasomwa masikioni kwa sauti iliyorekodiwa, yeye anagusa rangi kwenye kioo. Anketeri hasikii swali wala haoni jibu. Utafiti wa Turner na wenzake, uliochapishwa katika Science mwaka 1998, ulilinganisha karatasi na vipokea sauti kwa vijana wa kiume Marekani: waliokiri kuwahi kulala na mwanamume walitoka asilimia 1.5 mpaka 5.5.

Kioo si kigeni hapa. Watu wamechagua kwa kugusa picha kwenye mashine ya kupigia kura mwaka 2018 na 2023. Weka swali moja kwa kioo kimoja, vitufe viwili vikubwa, na mahali pa rangi zibadilike kati ya maswali ili mtu akiangalia kidole kutoka mbali asijue. Kila swali lijifunge likishajibiwa, lisirudi nyuma. Sauti irekodiwe na mwanamke, Kiswahili cha Bukavu na si cha redio, na Mashi kwa wanaohitaji. Betri ya akiba kwa kila anketeri, umeme hautabiriki.

Kumbukeni aliyosema Mwalimu mwanzoni: hii inaponya aibu tu. Jibu la kweli limo ndani ya tableti, kwa hiyo usimbaji si hiari.

Dodoso_Kadutu

Asanteni sana wote. Mpango umegeuka hivi:

Swali la 1, la madesu: vipokea sauti kwa wote 600. Swali la 2: wanawake tu, vipokea sauti, kisha anketeri anauliza kwa mdomo kama kuna jambo angependa kuliongea. Swali la 3: mifuko miwili, 8 na 2, pamoja na swali la Australia. GPS na kurekodi sauti vimeondolewa. Uhakiki hautagusa swali la 3.

Nabaki na shaka moja: swali la 3 lisiwe na hatari hata kwa kuulizwa tu?

Nyalukemba

Ndiyo, lina hatari, hata kama vizibo ni kamili. Anayesikia kutoka nje kwamba mnauliza habari za watu wenye silaha hajui habari ya vizibo. Waulizeni wakubwa wa mradi: namba hiyo ikitoka 10 au ikitoka 30, mtafanya nini tofauti? Kama hawana jibu, ondoeni swali. Kama wanalo, swali lenyewe lisitamkwe. Liandikwe au lichorwe kwenye kadi, au lisikike kwenye vipokea sauti vilevile, na mdomoni itoke rangi tu.

Mwalimu_Kizibo

Na lile neno "amewahi" lipunguzwe. Tangu lini? Maisha yote yamebeba vita vingi na kila mtu ana jibu. Weka miezi 12 kama mengine. Kisha jaribuni mifuko kabla ya kwenda: kila mmoja uchotwe mara 300, kizibo kikirudishwa na mfuko kutikiswa kila mara. Wa kulia utoe vyekundu kati ya 226 na 254. Ukitoka nje ya hapo rudieni. Ukitoka tena, vizibo vinatambulika kwa vidole, tengenezeni vingine.

Dodoso_Kadutu

Nimeandika. Tutaanza na majaribio ya watu 12 Bagira. Anketeri ageuke mgongo wakati gani, kabla ya kuchota au baada?

Nyalukemba

Kabla ya mkono kuingia mfukoni. Ageuke tena pale tu mhojiwa atakapokuwa ametaja rangi, amerudisha kila kizibo kwenye mfuko wake, na amevifunga vyote viwili.